Nusa Mwenyewe

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Kariakoo haina adabu. Mtaa wa Tandamti ulikuwa umejaa watu, mikokoteni na redio za Dubai zinazoshindana kwa kelele, maana miaka ile kila kitu kilikuwa ruksa, na yeyote mwenye meza na mwavuli alijiita mfanyabiashara. Katikati ya vurugu hiyo kijana mmoja wa Kihindi, shati jeupe limemganda mgongoni kwa jasho, alikuwa amekumbatia boksi kifuani na kulikinga na viwiko vya watu. Mkokoteni ukamjia kwa nyuma. Akaruka pembeni, akaketi kwa kishindo juu ya gunia la karafuu mlangoni mwa duka la viungo.

"Kaka, gunia hilo si kiti," sauti ya kike ikamwambia. "Labda kama umeshalinunua."

Kijana akainua macho. Mwenye sauti alikuwa binti wa Kichaga wa miaka ishirini na saba hivi, mrefu, amesuka twende kilioni, kanga ya manjano ameifunga kiunoni juu ya sketi, leso ya mkononi haimtoki. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu mwenye mafua, na kijana huyo, aliyekuwa anaitwa Tejas, aliipenda hapo hapo bila kujua kwa nini.

"Karafuu zenyewe mpya?" akauliza, ili tu asiondoke.

"Nusa mwenyewe. Mimi nikisema mpya, utasema nasifia mali yangu."

Akachota, akanusa, akafumba macho. Binti hakutazama karafuu. Alimtazama yeye usoni, akaona nyusi zimelegea na mdomo umeanza kutabasamu, ndipo akasema kwa uhakika, "Umeona? Mpya kabisa."

"Nimezaliwa mjini hapa, nimenunua Kariakoo tangu utoto, sijapata kumwona muuzaji mkweli hivi. Dada unaitwa nani?"

"Candida. Na hilo boksi lina nini, mbona umelishika kama kichanga?"

"Bomba la kuchungulia pua."

Mkono wa Candida ukasimama juu ya mizani. "La nini?"

"Nauza vifaa vya hospitali. Tangu hospitali za watu binafsi ziruhusiwe, madaktari wanaagiza mambo mapya. Hili ni la Daktari Polycarp wa Upanga. Jembamba, lina taa na kamera. Linaingia tunduni, daktari anaona mpaka nyuma ya macho, anatoa nyama za puani bila kumchana mtu uso."

"Makubwa! Watu wanalipia kuchunguliwa makamasi!" Candida akacheka, akageuka upande kupenga kamasi.

Laiti angefungua mdomo siku ile, hadithi hii ingeishia hapo. Kwani Candida, muuza viungo wa Tandamti, alikuwa hanusi. Kwa miaka minne pua yake ilikuwa imeziba, kichwa kinamgonga juu ya macho kila asubuhi, na karafuu, iliki na maiti ya panya vyote kwake vilikuwa hewa. Alijifukiza majani ya mkaratusi mpaka ngozi ikambabuka. Alinunua matone ya dukani, yakamfungua kwa saa moja na kumziba kwa kumi. Duka alikuwa ameachiwa na baba yake, Mzee Melkiori, aliyerudi Kibosho kupumzika, na muuza viungo asiyenusa nani atamnunulia? Ndipo akazua ile mbinu ya kumpa mteja anuse, naye asome uso. Watu wakaiona ni uaminifu. Jina la Dada Nusa Mwenyewe likavuma mpaka Ilala, wenye hoteli wakawa wanawapita wenzake wote kwenda kwake, na kila sifa iliyoongezeka ilimfunga mdomo zaidi.

Hospitali alikuwa anaiogopa kuliko ugonjwa. Mama yake, Joyceline, alikuwa na maradhi hayo hayo. Zamani walimchana chini ya mdomo wa juu, wakatoboa mfupa wa shavu kuusafisha, na tangu siku hiyo shavu lake la kushoto limekufa ganzi. Mjukuu akimbusu upande huo, bibi hana habari.

Tejas akarudi Jumatatu. Akarudi Jumatano. Kisha akaanza kupiga simu, kila siku saa nne kamili, kwa ile simu yake ya mkononi nzito iliyomvuta suruali upande mmoja.

"Haloo, duka la viungo."

"Naomba kilo moja ya sauti yako."

"Imeisha. Mzigo unaingia Ijumaa."

"Basi nipimie robo, mgonjwa nina hali mbaya."

"Mhindi wangu, kila dakika unayoongea kwenye dude hilo ni sahani ya pilau."

"Nitashinda na njaa. Manka wangu wa Kichaga, una mafua tena?"

"Vumbi la pilipili."

"Pilipili gani ya miezi mitano? Nikupeleke kwa Daktari Polycarp, hakuchani, anachungulia tu."

"Wewe umekuja kunipenda au kunitibu?"

"Vyote viwili, laazizi."

Alicheka, akakata simu, akabaki ameinamia meza huku kichwa kikimgonga. Moyo wake ulikuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Jioni moja Tejas alimletea kikuba cha asmini, akakibana mwenyewe kwenye blauzi yake ya bluu. "Harufu yake je?" akauliza. Candida akamwangalia usoni, akaona macho yanavyong'aa. "Tamu mno," akajibu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwake, nao ulipita laini kama samli.

Mwaka ukageuka, na zikaja zile mvua zisizokwisha ambazo hata redio ilishindwa kuzielezea. Bonde la Jangwani likawa ziwa. Stoo ya Candida ilikuwa ukingoni huko, na Rajabu, mchukuzi wa siku nyingi wa duka hilo, alipita maji ya magotini akihamishia magunia Ilala, kwenye chumba cha kuazima. Nusu ya chumba hicho jirani alikuwa anaweka mapipa ya mafuta ya taa, na pipa moja lilikuwa linavuja.

Wiki hiyo hiyo Tejas alikuja na habari. Ofisi yake mpya pale Posta ilikuwa tayari, na mama yake angefanya sala ya Kihindu ya Satyanarayan kuifungua. "Anatafuta iliki ya shiro, ile halua ya sadaka. Nimemwambia mtu mkweli Kariakoo ni mmoja tu. Anunue kwako, akuone, halafu sala ikiisha nimwambie wewe ni nani kwangu."

"Na baba yako?"

"Mzee Vallabhdas hajawahi kusema neno kabla mama hajasema."

"Tejas, mimi ni Mkatoliki wa Kibosho."

"Nami si nakwambia uje kwenye sala? Vaa lile gauni la zambarau."

Ranjanben alifika kesho yake asubuhi, mama mfupi wa miaka sitini, sari ya pamba ameipandisha kidogo kukwepa tope, miguuni viatu vya mpira. Umeme ulikuwa umekatika na mtaa mzima ulikuwa unanguruma majenereta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nusa Mwenyewe?"

Candida akatabasamu, akachota iliki, akamsogezea. Mama yule akarudi nyuma, akajiziba pua kwa ncha ya sari.

"Hapana, hapana. Hii ni ya Mungu. Kitu cha Mungu binadamu hakinusi wala hakionji kabla hakijamfikia mwenyewe. Hata nikipika najifunga kitambaa puani. Nifungulie gunia jipya, ambalo mteja hajatia pua. Wewe ndiye mwenye mali, uliipokea ukaijua. Nzuri?"

Rajabu akaleta gunia kutoka Ilala, akalifumua. Candida akatafuta uso wa kusoma. Nusu ya uso ilikuwa imefunikwa na sari, na juu yake macho mawili yalimngojea kwa imani tu. Hakukuwa na nyusi za kulegea wala mdomo wa kukunjamana. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne mteja alimtegemea yeye.

Angeweza kusema hajui. Lakini yule alikuwa mama yake Tejas.

"Nzuri, mama. Mpya kabisa."

Iliki ikafungwa kwenye kitambaa cheupe. Nyumbani Ranjanben akapika shiro, suji na samli na sukari na maziwa, kitambaa puani, juu ya jiko la mafuta ya taa kwa sababu ya mgao wa umeme. Harufu iliyopenya kwenye kitambaa akadhani ni ya jiko.

Siku ya sala ofisi ilijaa. Kulikuwa na ndugu kutoka Upanga na Kisutu, madaktari, na Daktari Polycarp mwenyewe amevaa tai. Candida alikaa mkekani karibu na mlango, gauni la zambarau, mikono magotini. Hadithi takatifu ikasomwa, kengele ikapigwa, kisha Ranjanben akazunguka akigawa shiro kidogo kidogo kwenye viganja. Sadaka ile haikataliwi. Hadithi yenyewe iliyosomwa inasimulia balaa lililompata aliyeikataa.

Candida akala yake. Ilikuwa tamu, sukari tupu, kama kila kitamu alichokula kwa miaka minne. Akainua macho, akasoma nyuso.

Bibi mmoja alikuwa ametafuna mara moja na kusita. Mzee Vallabhdas alimeza kwa nguvu, shingo ikatokeza. Mtoto akatapika kwenye kanzu ya baba yake. Watu wazima walimeza wote, hakuna aliyetema, na kila aliyemeza alikunja uso vile vile. Candida aliyaona yote hayo kabla mtu hajasema neno. Ranjanben akaonja sehemu yake mwisho kabisa, akasimama na sahani mkononi.

"Mafuta ya taa," akasema taratibu. "Nimemlisha Mungu mafuta ya taa."

Tejas akageuka. Akamwona Candida kiganja kitupu, amekula yote, uso mkavu kabisa. Katika chumba kizima yeye peke yake ndiye hakukunja uso.

Kesho yake hakupiga simu. Alikuja mwenyewe dukani saa nne, duka likiwa limejaa wanunuzi.

"Candida, nijibu moja tu. Ile iliki uliinusa?"

Wateja wakageuka. Wenye hoteli walikuwepo, na mwanamke wa maandazi wa Mchikichini, wote watu waliomfuata kwa jina lile. Candida akaona duka la baba yake likining'inia kwenye neno moja.

"Niliinusa," akasema.

"Kama uliinusa, basi ulijua."

Njia zote mbili alikuwa amejiziba mwenyewe.

"Mama yangu hajala tangu jana," Tejas akasema. "Kama ni dharau kwa dini yetu, ungeniambia mimi. Ningeibeba. Yeye ulimwonea nini?"

"Tejas..."

"Usiniite."

Akaondoka bila kugeuka. Rajabu, aliyekuwa mlangoni, akakuna kichwa. "Dada, hata mimi nililisikia gunia lile linanuka. Nikasema aah, dada si ameshanusa."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Candida hakungoja kilio, shiro ilitosha. Simu ya saa nne haikulia wiki hiyo, wala wiki iliyofuata. Alipopiga yeye, simu ya mkononi ililia mpaka ikachoka. Alikonda. Gauni la zambarau alilitia chini kabisa ya sanduku. Kuna usiku alilia, na kwa mtu aliyezibwa pua hata kilio ni adhabu.

Mwezi wa tatu alipanda ngazi za kliniki ya Upanga, vyumba viwili na benchi. Daktari Polycarp alimkumbuka.

"Wewe ulikuwa mkekani, karibu na mlango. Peke yako hukukunja uso." Akavuta kiti karibu. "Nilijiuliza tangu siku ile. Hunusi, sivyo?"

Candida akalia palepale. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa urahisi namna hiyo.

Lile bomba jembamba lilimwingia puani, na kwenye televisheni ndogo akaziona mwenyewe nyama zake, nyeupe zinazong'aa, zimejazana kama zabibu. Daktari akamweleza bila kumficha. Matone ya dukani atupe leo. Wiki mbili za vidonge vya kushusha uvimbe, vikipunguzwa kidogo kidogo. Kisha atalazwa usingizi, nyama zitatolewa na njia za mifupa kupanuliwa kwa bomba hilo hilo, bila kisu usoni. Baada ya hapo, kila siku, asubuhi na jioni, kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na dawa ya kupuliza.

"Na shavu langu? Mama walimchana, la kwake likafa ganzi."

"Shavu lako silishiki. Yale ya mama yako ni ya zamani."

"Na nitanusa?"

"Unaweza. Unaweza pia usinuse. Na ukinusa, nyama hizi zina tabia ya kurudi. Sikuahidi, binti. Nakuahidi kupumua tu."

Alifanyiwa mwezi wa nne. Alipoamka, alipapasa shavu kwanza. Lilikuwa lake. Wiki ya tatu hewa ikapita puani mwake baridi, mpaka akaogopa. Kichwa kikaacha kumgonga. Lakini karafuu ilikuwa bado hewa, iliki hewa. Mwezi ukaisha, akaona basi, amepewa kupumua, ashukuru.

Ndipo akaenda kwa Ranjanben, mikono mitupu, akavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusema ukweli. Sikuinusa ile iliki. Sinusi kitu, mwaka wa tano huu. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka unipende."

Mama yule akazungusha bangili mkononi. "Kwa hiyo ile shiro, wewe uliionaje?"

"Tamu, mama."

Ranjanben akafuta macho kwa sari. "Mtu mmoja basi aliiona tamu," akasema. "Umemwambia Tejas?"

"Hapokei simu yangu."

Mama akamwonyesha simu iliyokuwa mezani. "Ya hapa atapokea."

Candida akasema yote kwa pumzi moja. Upande wa pili zikasikika kelele za Posta. Kisha Tejas akauliza, "Na asmini?"

"Sikuinusa."

"Ulisema tamu mno."

"Niliona uso wako."

"Kwa hiyo kila ulichoniambia kizuri ulikisoma usoni kwangu, ukanirudishia. Sasa mimi nitajuaje lipi lilikuwa lako?"

"Niliposema nakupenda, Tejas. Hilo halikuhitaji pua."

Simu ikakatwa. Ranjanben alimsindikiza mpaka kwenye ngazi, akamwambia awe makini, zilikuwa zimelowa.

Wiki moja baadaye, mvua zikiwa zimekatika, Candida alikwenda Ilala na Rajabu kutoa magunia ya kutupa. Lile gunia la iliki lilikuwepo bado pembeni. Akainama kulikamata masikio, na kitu kikamchoma puani.

Akaliachia. Akarudi nyuma. Akainama tena, taratibu, kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa.

"Rajabu," akanong'ona. "Hili gunia linanuka?"

"Dada, linanuka vibaya! Mafuta ya taa matupu."

Candida akapiga magoti sakafuni, akatia uso wote ndani ya iliki ile mbovu, akavuta pumzi, akalia kwa sauti mpaka mwenye nyumba akatoka na upawa mkononi. Rajabu hakujua amshike au amwache. Kwa jirani kulikuwa na simu. Candida akapiga, na safari hii, sijui ni bahati au namba ngeni, Tejas akapokea.

"Linanuka!"

"Nani huyu? Candida? Nini kinanuka?"

"Gunia! Linanuka mafuta ya taa! Tejas, linanuka vibaya mno, ningelijua mbali kabisa, ningemrudisha mama mlangoni. Mpenzi, linanuka!"

Alifika saa ya alasiri, Tandamti, mbio, tai begani, jasho limemtota kama siku ile ya boksi. Alisimama mbele ya meza ya duka. Candida alikuwa na macho mekundu, mbele yake amepanga karafuu, mdalasini, pilipili, anainamia moja baada ya nyingine. Nyingine zilikuwa bado kimya. Karafuu ilianza kusikika, kwa mbali.

"Nilitaka kukwambia maneno mengi," Tejas akasema. "Nilikuwa na hasira ya mtu aliyerudishiwa furaha yake mwenyewe."

"Sasa?"

Akasogea mpaka tumbo likagusa meza. "Mimi sitajisifia mali yangu. Nusa mwenyewe."

Wateja wawili wakajifanya wanaangalia binzari. Candida akainama juu ya meza, akaweka pua yake shingoni kwa kijana wa watu, mchana kweupe, Kariakoo, akavuta pumzi. Safari hii alikuwa amefumba macho.

"Unanuka jasho," akasema.

"Na nini tena?"

"Mafuta ya nazi. Na kitu kingine sikijui." Akainua uso. "Daktari anasema zinaweza kurudi, Tejas. Naweza kuipoteza tena harufu yako hii, mwakani au lini."

"Tutaosha kwa maji ya chumvi. Nitayachemsha mimi."

"Na baba yako?"

"Hajasema neno." Akashika leso ambayo Candida alikuwa ameisahau mezani, akaikunja, akaikunjua. "Mama amesema. Sala inarudiwa Jumapili, anataka umsaidie kupika. Hajawahi kumwita mtu wa nje jikoni kwake."

Candida akaziba mdomo kwa kiganja. "Mimi? Nipike chakula cha Mungu?"

"Wewe. Ila kuna jambo moja." Tejas akashindwa kuzuia kicheko, na machozi yakamtoka pamoja nacho. "Amekushonea kitambaa chako. Utafunga pua."